Nilitafuta shida ya guiding kwa mount miezi mitano, kumbe shida ilikuwa nyumbani kwetu Karurumo

Wakuu, poleni na kazi za wiki, nyinyi wote wa mlimani na wa bondeni.

Juzi mwenzetu mmoja aliuliza hapa kwa nini darubini yake inarukaruka akipiga picha za nyota. Nilimjibu mstari mmoja tu. Angalia waya, angalia balance. Halafu nikaweka simu chini na sikupata usingizi.

Sikumwambia yote. Leo nataka niseme yote.

Sitaongeza chumvi, na mahali nilikosea nitasema nilikosea. Mkinitukana pia ni sawa, mimi mwenyewe nimejitukana zaidi. Uzi ni mrefu kidogo, wenye haraka mnisamehe.

Kwanza mjue mimi ni nani. Nafanya kazi na surveyor mmoja wa kibinafsi hapa Embu town. Mimi ndiye yule mtu wa kubeba tripod, kuchimba mawe ya mpaka na kusomea mkubwa namba. Naishi Majimbo, nyumba ya kupanga, pekee yangu. Nilikuwa na bibi, tukaachana. Hiyo si ya leo.

Mambo ya nyota yalinipata Meru. Tulikuwa tumeenda Kaaga kupima mpaka wa shule moja, na mwalimu wa physics akawa anatuzunguka akiangalia tripod yetu. Anaitwa Mwalimu Kirimi. Jioni akaniuliza, "Wewe umewahi kuona Saturn na macho yako?"

Nikamwambia hapana, nimeona kwa kitabu.

Akanipeleka nyuma ya nyumba yake, akanionyesha. Ile pete yake imekaa hivi, imeinama. Nilimuuliza kama amebandika picha ndani ya darubini. Alicheka mpaka bibi yake akatoka kuangalia ni nini.

Hapo ndio niliisha. Miezi michache baadaye Mwalimu akanunua mount kubwa, na ile yake ya zamani akaniuzia mimi.

Kwa wale hawajui: mount ni kile kichwa chenye motor, kinachokaa juu ya miguu mitatu na kugeuza darubini pole pole ifuate nyota. Dunia inazunguka, kwa hivyo bila mount nyota inatoka kwa picha na mkia.

Guiding sasa ni hivi. Unaweka kamera ndogo ya pembeni, inaangalia nyota moja tu, na kila sekunde inaambia mount "umesonga kidogo, rudi." Kwa kompyuta unaona mistari miwili, mwekundu na wa bluu. Mistari ikiwa imelala, uko sawa. Ikiruka, picha imeharibika.

Na makosa yenyewe ni madogo sana, wakuu. Ni kama uko Runyenjes na mtu ako Embu town, kilomita kama ishirini, amenyoosha mkono, na wewe unataka kujua kama amesongeza kiganja.

Aside kidogo kwa wenye wanaishi huku kwetu. Vitabu vinakuambia uelekeze mount kwa nyota ya kaskazini. Vimeandikiwa watu wa Ulaya. Sisi tuko karibu na ikweta, hiyo nyota imelala chini kabisa, miti na mlima vimeifunika. Mount yenyewe inakataa kuinama hadi hapo. Mimi nilichongewa kabari ya mti na fundi wa vitanda, nikaiweka chini ya mguu mmoja. Inafanya kazi. Hiyo mtu akitaka nitamweleza kwa comments.

Embu town iko na taa nyingi, huwezi kupiga kitu. Kwa hivyo nilikuwa naenda nyumbani, mbele ya Karurumo kidogo. Huko giza ni giza.

Nyumbani alikuwa mzee wangu pekee yake.

Mzee alikuwa karani wa factory ya kahawa miaka mingi, yule wa kuandika kilo za watu. Mtu wa maneno machache. Mama alituacha miaka minne kabla ya haya yote, na tangu hapo mzee alibaki na ng'ombe mmoja na mbwa anaitwa Bosi. Dada yangu ameolewa Nakuru.

Mimi ni kifungua mimba na nimepewa jina la baba yake. Kwetu mzazi anaweza kuita mtoto wa hivyo "baba", kwa heshima ya yule mwenye jina. Kwa hivyo mzee wangu alikuwa ananiita baba, na mimi namwita mzee. Msichanganyikiwe huko mbele. Na tulikuwa tunaongea Kiembu, hapa naweka Kiswahili.

Kati ya nyumba na choo kuna slab ya simiti. Walimwaga na Mama zamani ya kuanika mahindi na maharagwe. Ni nyembamba na imepasuka katikati, lakini iko sawa na inaona anga yote ya kusini. Mimi kama mtu wa survey nikaona hapo ndipo.

Naweka miguu mitatu, naweka laptop ndani ya kreti ya plastiki umande usiiguse, naanzisha picha. Halafu naenda kulala kwa kile kinyumba cha mabati nilichojengewa nikitahiriwa, kule mwisho wa boma. Kompyuta inapiga yenyewe mpaka alfajiri.

Nilikuwa naenda wiki ya giza tu, ile mwezi hauko. Siku zingine sikuwa naenda. Hiyo pia nawaambia ukweli.

Shida ilianza mwezi wa tisa.

Nikiamka nakuta picha nyingine ziko poa, nyingine nyota zimekuwa mbilimbili, kama punje za kunde zimeshikana. Nikifungua grafu naona mistari imelala vizuri saa nzima, halafu ghafla ruka! Inatulia. Halafu ruka tena.

Nilimpigia Mwalimu Kirimi. Akaniambia, "Badilisha kitu kimoja kimoja. Ukibadilisha vitu vitatu mara moja hutajua ni gani ilikuwa mbaya."

Nikaanza na balance. Nikasongeza zile chuma za uzito mpaka darubini ikabaki popote naiacha. Ikaruka.

Nikaenda kwa waya. Nikafunga waya zote na tepu zisining'inie. Ikaruka.

Betri. Nikaazima betri ya gari ya jirani, mpya. Ikaruka.

Mvua ya vuli ikaja, nikapumzika. Mwezi wa kumi na mbili nikarudi, na sasa ikawa mbaya zaidi. Mwanzoni ilikuwa miruko michache kwa usiku. Sasa ilikuwa inaharibu karibu nusu ya picha.

Nikamtumia Mwalimu zile log. Log ni faili ambayo kompyuta inaandika yenyewe, kila sekunde nyota ilikuwa wapi, na saa. Akaniambia kitu ambacho mimi sikuwa nimeona.

"Zinakuja mbilimbili," akasema. "Mruko mmoja, halafu kama dakika nane, mwingine."

Sasa wale wanajua mount wanajua dakika nane ni nini. Ile gia ya kama screw ndani ya hiyo mount yangu inamaliza mzunguko kwa muda kama huo. Tukasema tumeshika mwizi. Ni jino la gia.

Sikukuu yote ya Krismasi nilikuwa na mount imefunguliwa kwa meza ya mzee. Nimeosha gia na mafuta ya taa, nimepaka grisi mpya, nimekaza na kulegeza zile screw ndogo mpaka vidole vikatoka malengelenge. Mzee alikuwa amekaa pale kwa kiti chake ananiangalia.

"Imekufa?" akaniuliza.

"Haijakufa. Kuna mahali inashika."

"Itapona," akasema. "Wewe huwa na mikono."

Siku hiyo nilitengeneza chai, akakataa. Akasema siku hizi chai ya jioni inamsumbua tumbo. Nikaona pia mshipi wake umetobolewa tundu jipya na msumari. Nikamwambia amekonda, akasema ni uzee, hata wenzake wote wamekonda. Nikarudi kwa gia zangu.

Nilikuwa mita moja kutoka kwake, wakuu. Nimevaa miwani ya kuangalia meno ya gia.

Mwezi wa kwanza nikarudisha kila kitu, nikaweka. Ikaruka vilevile.

Nilikasirika mpaka nikataka kuitupa kwa mtaro. Nikampigia Mwalimu usiku huohuo. Akauliza, "Mistari yote miwili inaruka pamoja, ama mmoja?"

Nikaangalia. Yote miwili.

"Basi si gia," akasema. "Ile gia inasukuma upande mmoja tu. Zote mbili zikiruka, kitu kimetingisha chini. Hebu nenda hatua tano kutoka kwa mount, piga mguu chini, halafu uniambie."

Nikatoka. Nikatembea juu ya slab, kawaida tu, kama mtu anaenda zake. Nikarudi kwa laptop.

Mruko ulikuwa pale. Sura ileile kabisa, kama mtu na pacha wake.

Wakuu, nilifurahi! Nilicheka pekee yangu kwa giza. Miezi yote hiyo ni nyayo. Ile slab nyembamba, ukikanyaga upande huu inainuka kidogo upande ule.

Kwanza nikafikiria ni Bosi, lakini Bosi tulikuwa tunamfunga. Ng'ombe ako kwa boma lake. Basi ni mzee, anaenda choo.

Sikufikiria zaidi ya hapo. Hapa ndipo nataka msome pole pole. Nilijua ni mzee, nilijua anapita mara nyingi, na kitu kilichokuja kwa akili yangu ni kwamba sasa picha zitakuwa safi.

Asubuhi tukila ndizi nikamwambia, "Mzee, nimepata shida ya ile mashini. Ukipita kwa slab usiku inatingisha. Unaweza kuwa unapitia wapi?"

Akaweka kikombe chini. "Ni mimi nilikuwa naharibu?"

"Si kuharibu. Ni vile tu simiti ni nyembamba."

"Pole, baba. Sikujua. Nitapitia nyuma, kwa shamba la kahawa."

"Na tochi mzee, uimulike chini. Mwanga pia unaingia kwa picha."

"Sawa," akasema. "Hiyo si kitu."

Usiku huo grafu ililala kama maji ya debe. Mstari mwekundu, mstari wa bluu, hakuna mruko hata mmoja. Nilitumia Mwalimu screenshot, akanijibu na makofi. Nyota zilikuwa mviringo mpaka pembeni ya picha.

Nimerudi, wakuu. Nilisimama kidogo kunywa maji.

Wiki ya giza ya mwezi wa pili nikaenda tena. Nilikuwa napiga lile wingu la Carina, linapanda huko kusini usiku ukiwa umeenda sana. Kwa picha ni jekundu, limejaa nyota kama mchanga. Nilianzisha, nikaangalia grafu imelala, nikaenda kitandani kama saa saba.

Saa kumi na moja na nusu alarm ikalia. Nikatoka kwenda kufunga vitu.

Bosi alikuwa analia. Si kubweka, kulia. Amevuta mnyororo mpaka mwisho, anaangalia upande wa kahawa.

Nilimkuta mzee kwa mtaro wa tatu, ule wa kuzuia maji ya mvua. Alikuwa amelala upande mmoja, mguu umegeuka vibaya. Koti lake limelowa umande. Macho yalikuwa wazi.

"Mzee!"

"Niliteleza," akasema. Sauti ilikuwa kama karatasi.

"Saa ngapi?"

"Jogoo walikuwa hawajaanza."

"Kwa nini hukuniita?"

"Niliita. Haikutoka."

Tochi ilikuwa ndani ya mfuko wa koti lake. Niliijaribu baadaye. Betri zilikuwa nzima kabisa. Hakuwa ameiwasha.

Nilimwambia aimulike chini. Yeye akaona afadhali asiwashe.

Jirani mwenye pickup alikuja, tukamweka kwa godoro nyuma, tukashuka mpaka hospitali Embu town. Njia yote nilikuwa nimeshika kichwa chake kisigonge. Hakulia. Tukifika kwa matuta alikuwa anafinya mkono wangu tu.

Wakampiga picha. Nyonga imevunjika. Lakini daktari, msichana mdogo ambaye nafikiri alikuwa hajalala, akaniita kando. Akaniambia mfupa haujavunjika kwa sababu ya mtaro pekee yake. Mfupa ulikuwa umeshaliwa.

Saratani ya tezi dume. Ilikuwa imetoka kwa tezi ikaenda kwa mifupa.

"Amekuwa akiamka usiku kukojoa mara ngapi?" akauliza.

Nikasema sijui.

"Na imeanza lini?"

Nikasema sijui. Mimi nakaa town.

Akaandika. Hakunilaumu hata na macho. Afadhali angenilaumu.

Siku ya pili nikarudi nyumbani kukamua ng'ombe na kuchukua nguo zake. Vitu vyangu vilikuwa bado kwa slab, hakuna mtu alikuwa amekumbuka kuvitoa. Nikakaa chini hapo kwa simiti, nikafungua laptop niizime.

Betri ilikuwa imebaki kidogo. Nikaona faili za log zimepangwa, kuanzia mwezi wa tisa.

Ndio lile swali la daktari likanijia tena. Mara ngapi. Imeanza lini.

Nilikuwa nayo, wakuu. Nilikuwa na jibu lote, na saa, na dakika.

Nikafungua moja baada ya nyingine. Mruko wa kwanza anaenda, wa pili anarudi. Mwezi wa tisa, mara mbili kwa usiku, siku moja tatu. Mwezi wa kumi na mbili, tano, sita. Mwezi wa kwanza, kabla nimwambie apite nyuma, mara nane kwa usiku mmoja.

Na zile dakika nane tulizosema ni gia, ndio muda alikuwa anakaa choo. Mwezi wa kwanza zilikuwa zimefika kumi na tano.

Kuna usiku mwingine nilikuta kitu tofauti. Mruko mmoja, halafu miruko midogo midogo mingi mahali pamoja, kama mtu anabadilisha mguu. Muda mrefu. Alikuwa amesimama katikati ya slab. Sijui alikuwa anapumzika ama ni uchungu ama anaangalia mashini.

Halafu nikafungua ile ya usiku wa mwisho. Imenyooka kutoka juu hadi chini. Ni usiku safi kuliko zote nimewahi kupata.

Nikafunga laptop. Nikaenda kukamua ng'ombe, kwa sababu alikuwa analia.

Niliandika hizo namba kwa karatasi nikampelekea daktari. Akaangalia, akauliza nimezipata wapi. Nikashindwa kueleza. Nikamwambia kuna mashini nyumbani inahesabu.

Jioni nilikaa na mzee. Walikuwa wamemweka dawa ya uchungu, alikuwa anaongea vizuri.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, baba? Kwamba nakojoa?"

"Ungeniambia unaumwa."

Alivuta blanketi mpaka kifuani. Halafu akasema, "Tangu mama yako aende, na wewe na bibi yako mkaachana, ulikuwa unakuja hapa na uso wa matanga. Ukapata hiyo mashini, ukaanza kuamka asubuhi ukiongea. Mimi ningekuharibia na habari ya choo?"

Nikamwekea mto sawa.

"Na nilikuwa najua siku zako," akasema. "Mwezi ukianza kuisha najua baba atakuja. Nilikuwa nauangalia nikienda choo. Ukibaki kipande kidogo, kesho yake naenda Karurumo kununua nyama."

Wakuu, mimi nilikuwa naenda nyumbani kutafuta giza. Yeye alikuwa anahesabu mwezi uishe ndio anione.

Sitawachosha na mambo ya hospitali. Alilazwa wiki tatu, halafu akasema anataka kitanda chake. Dada yangu akaja kutoka Nakuru, tukamrudisha.

Niliomba ruhusa kazini. Nilikuwa nalala chumba chake, godoro chini. Usiku akisonga tu nilikuwa nimeamka, namshika, namwekea beseni. Mara nane, mara tisa. Sasa nilikuwa nahesabu bila mashini.

Kuna usiku mmoja akaniuliza, "Hujaweka ile kitu yako nje? Leo hakuna mwezi."

Nikamwambia kuna mawingu.

Hakukuwa na mawingu. Dirisha lilikuwa wazi na nafikiri aliona.

Alituacha mvua kubwa ikianza, asubuhi, siku ya kawaida ya kazi. Nilikuwa jikoni nakoroga uji. Dada yangu akaniita mara moja tu, na kwa ile sauti nikajua nisikimbie.

Mwalimu Kirimi alikuja kwa mazishi kutoka Kaaga. Baada ya watu kutawanyika alinifuata nyuma ya nyumba, mahali pa kahawa. Nilikuwa nimemwambia yote kwa simu.

"Mimi ndio nilikuambia upige mguu," akasema. "Na nikakutumia makofi."

Nikamwambia, Mwalimu, wewe uliniambia ni nini kinatingisha. Kuuliza kwa nini mzee anaamka mara nane ilikuwa kazi ya mtoto wake.

Tukasimama hapo na mvua ikiwa ya rasharasha. Akatoa kofia yake, akaangalia ule mtaro, akairudisha.

Wengine mtauliza kama bado napiga picha. Mount iko Majimbo, chini ya kitanda. Sijaiuza na sijaitoa. Nilijaribu mara moja kuiweka nje kwa rafiki wa kazini, grafu ikaruka kwa sababu mtu alipita, na nikajikuta nahesabu dakika mpaka arudi. Nikaifunga.

Daktari aliniambia hata tungejua mwezi wa tisa, pengine ingekuwa imeshaenda mbali. Pengine. Alisema hilo neno kwa upole, na mimi nalijua ni neno la upole. Lakini angekuwa amepata dawa ya uchungu miezi mitano mapema. Na asingekuwa ametembea gizani bila tochi kwa sababu yangu.

Basi, kwa yule mwenzetu aliyeuliza juzi, jibu langu kamili ni hili.

Mkuu, angalia waya zako. Angalia balance, angalia betri. Mistari yote miwili ikiruka pamoja, wacha gia, shida iko chini. Angalia miguu ya tripod imekaa wapi. Na ukikuta ni mtu anapita, usimwambie apite kwingine kabla hujamuuliza kwa nini ameamka.

Nyinyi wengine wenye wazee nyumbani, wazee wetu wa huku hawasemi. Atakuambia ni uzee, atakuambia ni baridi. Usimuulize mbele ya watu. Ngoja mbaki wawili, mkiwa mnachambua maharagwe ama mnaangalia ng'ombe, umuulize anaamka mara ngapi kwa usiku, na imeanza lini. Akikasirika wacha akasirike. Mpeleke apimwe.

Uliza leo, kama una wa kuuliza. Halafu uje hapa chini utuandikie alikujibu nini. Nitasoma zote, hata zile za usiku, kwa sababu usiku mimi huwa macho.